Vifaa mitumba vya shira ya mepo: cha kukimbilia na cha kukimbia

Aliyewahi kumwona mgema kazini hahitaji kuelezwa kwa kirefu mepo (maple), mti wa Amerika Kaskazini unaogemwa maji matamu. Tofauti ni kwamba mgema wa Vermont, Maine au Quebec hapandi mti. Hutoboa shina usawa wa kifua mwezi Februari au Machi, wakati usiku unagandisha na mchana unayeyusha, kisha hungoja maji ya mti yadondoke. Maji hayo yana sukari kama asilimia 2 tu. Ili kupata lita 1 ya shira huchemshwa takriban lita 40, na zile 39 zinazokwenda hewani ndizo zinazofanya vifaa viwe ghali. Kwa msomaji aliyehamia Burlington, Portland ya Maine au Sherbrooke, akajikuta na miti hamsini au mia nyuma ya nyumba, soko la mitumba ndilo la kutazamwa kwanza.

Kipimo chetu ni kimoja. Kifaa unachoweza kukikagua chote kwa macho na kwa maji, nunua kilichotumika. Chenye vitundu usivyoweza kuvichungulia, nunua kipya. Mpangilio wa hapa chini umetoka humo.

Anza na hesabu

Watu wengi hununua jiko kwa sababu limetokea jirani anauza, kisha msimu mzima wanakesha. Tundu moja lenye ndoo likiwa na siku nzuri hutoa lita 4 hadi 6, kwa hiyo matundu 100 yatakuletea lita 400 hadi 600 siku hiyo. Sufuria bapa huvukiza kama lita 4 kwa saa kwa kila futi ya mraba. Sufuria ya mikunjo, ile ambayo sakafu yake imekunjwa kama bati la paa ili moto upite katikati ya maji, huvukiza karibu mara mbili ya hapo.

Sasa chukua jiko la futi 2 kwa 6: futi 2 za mbele ni sufuria bapa ya kumalizia shira, futi 4 za nyuma ni mikunjo. Mbele unapata lita 16 kwa saa, nyuma 64, jumla 80. Lita 400 zinaisha kwa saa tano. Jiko la futi 2 kwa 4 lililo bapa lote ni lita 32 kwa saa, yaani zaidi ya saa kumi na mbili za kuchochea kuni kwa kazi ileile.

1. Matangi ya maziwa ya stenlesi

Haya yanashika nafasi ya kwanza bila mshindani. Mashamba ya ng'ombe wa maziwa yamekuwa yakifungwa kwa miaka mingi Vermont na New York, na matangi yao yamebaki ghalani. Yametengenezwa kwa ajili ya chakula, yana ukuta mara mbili unaotunza baridi, na kosa lake huonekana kwa tochi.

Kagua mambo matatu: nyufa kwenye kona za chini, koki ya kutolea (saizi ya inchi 2 hupatikana kirahisi), na ukuta wa nje. Ukigonga ukuta ukasikia mlio mzito wa maji, ujue sponji ya ndani imelowa na tangi litakuwa zito kuliko ulivyopanga. Kompresa ya kupozea si ya lazima sana, lakini usikate mabomba yake mwenyewe. Gesi iliyomo lazima itolewe na fundi mwenye leseni. Na pima mlango wa banda lako kabla ya kulipa.

Matangi ya plastiki ya lita 1,000 yaliyo ndani ya wavu wa chuma ni rahisi zaidi, ila yasikubaliwe bila lebo inayoonyesha yalibeba nini. Yaliyobeba sabuni au dawa ya shamba hayasafishiki.

2. Jiko na sufuria zake

Hapa ndipo pesa nyingi ziko, na ndipo hatari kubwa ilipo pia: risasi, ile metali yenye sumu. Kabla ya katikati ya miaka ya 1990 watengenezaji wengi waliunga sufuria kwa lehemu yenye risasi, na baadhi ya sufuria za zamani zaidi ni za bati lililopakwa mchanganyiko wa risasi. Risasi haipandi na mvuke. Inabaki kwenye sufuria na kujikusanya kadiri maji yanavyopungua, kwa hiyo kiasi kidogo kwenye lita 40 kinaishia kwenye lita 1 ambayo mtoto ataimwagia chapati.

Igeuze sufuria juani uangalie mishono. Mshono uliochomelewa kwa umeme ni mwembamba, una mawimbi madogo kama sarafu zilizolaliana. Wa lehemu ni mpana, laini, wa kijivu kilichofifia, kama nta ya mshumaa iliyotiririka ikaganda. Ukiukwaruza kwa ncha ya kisu unang'aa mara moja na kisu kinazama kidogo. Lehemu zisizo na risasi zipo pia, hivyo ukiiona lehemu usikate tamaa papo hapo. Tafuta bamba la namba, mpigie aliyeitengeneza, uliza mwaka. Vijiti vya kupimia risasi kwenye rangi za nyumba husaidia: kikigeuka waridi au chekundu, ondoka. Kisipogeuka, bado hujathibitisha kitu, na bila jibu la mtengenezaji usinunue. Sufuria ya namna hiyo haina bei nzuri hata ikitolewa bure.

Baada ya risasi, moto. Maji yakiwemo, sufuria haipandi sana juu ya nyuzi 104 za Selsiasi. Maji yakikauka kwa dakika chache tu, sukari inaungua, sakafu inabinuka, na lehemu inayoyeyuka karibu na nyuzi 190 inaachia. Laza rula ndefu ya chuma kwenye sakafu ya sufuria ya mbele. Mwanya mdogo unavumilika. Ukipitisha kidole chini ya rula, shira itakuwa nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, na upande mwembamba ndio utakaoungua tena.

Kosa la tatu ni baridi. Aliyeacha maji kwenye mikunjo baada ya msimu ameiachia barafu iipanue. Chungulia kutoka chini: mikunjo inapaswa kusimama sambamba kama kurasa za kitabu. Iliyovimba tumboni imeshapasuka au iko njiani kupasuka.

Kisha jaribio la maji, na hapa wauzaji huwashinda wanunuzi kwa njia ambayo wakati mwingine hata wao hawaijui. Ndani ya sufuria hujijenga ukoko mweupe wa madini ya mti, wanaouita mchanga wa sukari. Ukoko huo huziba vitundu vidogo. Sufuria inajazwa maji, haivuji, unalipa, unaipeleka nyumbani, unaisugua kwa siki, na kesho yake inadondoka. Omba isafishwe kwa siki kwanza, ijazwe maji, ilale usiku kucha juu ya magazeti makavu. Zungushia kalamu kila alama ya unyevu. Kitundu kimoja kwenye mshono ulionyooka fundi wa stenlesi anaziba bila taabu, lakini vitundu vitano kwenye mikunjo ni kazi ghali kuliko punguzo ulilopewa.

Tanuri la chini lina mambo machache. Matofali ya moto yaliyopasuka si hoja, ni bidhaa ya dukani. Mlango wa chuma cha kusubu wenye ufa na vyuma vya kushikilia kuni vilivyolegea katikati ndivyo vya kudai punguzo. Toa tofali moja uangalie bati la nyuma yake; kutu huanzia hapo. Gasketi za matanuri ya zamani zinaweza kuwa na asbesto, usizikwangue zikiwa kavu.

Jambo moja linasahaulika: mikunjo iko ya aina mbili. Kuna inayoshuka chini ya ukingo wa tanuri na kuna inayosimama juu yake, na tanuri la moja halipokei nyingine. Ukinunua sufuria peke yake nenda na vipimo vya tanuri lako, upana wa ndani na wa nje, maana viwanda hupishana kwa nusu inchi na nusu inchi hiyo inatosha kupitisha moshi.

Vya maonyesho ni hadithi nyingine

Baada ya msimu na baada ya siku za milango wazi, mawakala huuza majiko na mashine walizoweka kwenye maonyesho. Kwa jiko, hiki ndicho kitu tunachokipa alama ya juu kabisa: stenlesi mpya, mishono ya umeme, hakuna fumbo la mwaka. Lakini neno "maonyesho" lina tumbo kubwa. Uliza kama liliwashwa moto au lilisimama tu. Kama liliwashwa, lilichemsha maji matupu au maji ya mti. Na kama kweli lilitoka kwenye maonyesho au ni la mteja aliyelirudisha. Dhamana ianze siku unayonunua, na iandikwe kwenye risiti. Hesabu vipande papo hapo: boya na kisanduku chake, koki ya kutolea shira, kipimajoto, kofia ya mvuke, kola ya bomba la moshi. Vipande hivi huazimwa kwa jiko jingine na kusahaulika. Punguzo lisipofika moja ya kumi, agiza jipya lenye saizi unayoitaka.

Nunua kati ya Aprili na Juni. Januari kila mtu amekumbuka miti yake na bei imepanda. Wa Kanada watayakuta matangazo mengi kwenye Kijiji, mtandao uliochukua jina lake kwetu bila kuturudishia hata ndoo. Popote utakapokagua, punguza sifa mbele ya muuzaji. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

3. Presi ya kuchujia

Hii huchuja mchanga wa sukari kutoka kwenye shira, na ni mtumba salama ukiwa na macho. Panga sahani zake mbili mbili mbele ya taa; mwanga ukipenya pembeni, shira nayo itapenya. Geuka kwenye pampu: za gia za shaba nyeusi za zamani huwa na risasi, badilisha na ya stenlesi au ya diafragma kabla ya tone la kwanza.

4. Pampu ya kuvuta

Kwa wanaokusanya maji ya mti kwa mirija, si ndoo. Kadiria uwezo wa futi ya ujazo 1 kwa dakika kwa kila matundu 100. Pampu nyingi za mitumba zimetoka kwenye kukamulia ng'ombe, ambako zilivuta karibu inchi 15 za zebaki, kipimo cha nguvu ya kuvuta. Mepo inataka 25 na zaidi, na pampu ya ng'ombe isiyo na mfumo wa kujipoza kwa oili itachemka. Ziba mdomo wake, iwashe dakika ishirini, tazama geji. Ikishuka taratibu inapopata moto, bapa za ndani zimelika. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, imewahi kunywa maji ya mti.

5. Mashine ya RO

RO (reverse osmosis) hutenganisha maji na sukari kabla ya kuchemsha. Ni ileile teknolojia ya maduka ya maji ya kunywa, ila hapa maji safi ndiyo yanayotupwa. Kutoka sukari asilimia 2 hadi 8, lita 100 zinabaki 25, na kuni zinapungua kwa kiwango hichohicho. Tumeishusha hadi hapa kwa sababu ya membreni, utando wake wa kuchujia. Ikiganda imekufa, ikikauka imekufa, ikihifadhiwa chafu inanuka kama maji ya maua yaliyosahaulika. Muuzaji aonyeshe kumbukumbu za jaribio la maji safi tangu ikiwa mpya. Isiyofikisha asilimia 85 ya mtiririko wa mwanzo ihesabu kuwa ya kutupa, na bei ya mpya itoe kwenye bei yake. Soma saa za kazi kwenye mita na bamba la mota: ya fezi tatu haitawaka kwenye nyumba ya kawaida. Ya maonyesho ni bora zaidi, mradi ilikaa ndani pasipo baridi ya kugandisha.

6. Usinunue mitumba

Vibomba vya kugemea na vijirija vyake vya mwisho. Utafiti wa kituo cha Proctor cha Chuo Kikuu cha Vermont umeonyesha kwamba bakteria wa msimu uliopita hufanya tundu lijifunge mapema, na kibomba kipya bei yake ni senti.

Ndoo za mabati zenye mishono ya lehemu, hata zikipendeza namna gani. Panda maua. Za alumini hazina neno.

Haidromita, kipimo cha uzito wa shira. Karatasi ya ndani ya kioo huteleza bila kuonekana, na Vermont inadai shira ifike 66.9 ya Brix, yaani kipimo cha asilimia ya sukari. Ikisoma juu ya ukweli unauza maji yatakayochacha. Ikisoma chini ya ukweli unachemsha kupita kiasi na kujaza chupa fuwele. Mpya ni dola chache, na hakikisha ina mistari miwili mekundu, mmoja wa shira ya moto na mmoja wa baridi.