Nililipia sherehe ya treni ya mchongoko: yaliyofaa na yaliyonikera

Nianze na bei, maana najua ndiyo wengi mnayoitafuta. Pakeji ya mapambo niliyochukua hapa Dar kwa sherehe ya kuzaliwa ya mwanangu ilikuwa 420,000. Ndani yake kulikuwa na bango kubwa la nyuma ya meza ya keki, tao la maputo, meza ya keki na vitambaa vyake, viti 20 vidogo vya plastiki pamoja na meza zake, na vibao vyenye jina la mtoto. Jumba la kurukia lilikuwa 120,000 pembeni, mchezeshaji wa watoto 80,000, na keki ya kilo 3 nikaagiza kwao humo humo kwa 105,000. Jumla 725,000, kabla ya zile gharama ambazo hazikuandikwa popote. Nitazifikia.

Jina la kampuni silitaji. Ni vijana wanaojitafutia riziki, na mengi yaliyonikera kwao nimeyasikia pia kwa wenzangu waliochukua wapambaji wengine kabisa.

Mwanangu alikuwa anatimiza miaka 5, na tangu tulipompeleka kwa bibi yake Dodoma kwa treni ya umeme, habari nyingine zote ziliisha nyumbani. Treni hizi zilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, kisha zikafika Dodoma mwaka huo huo. Yeye hataki treni yoyote tu, anataka mchongoko, ile yenye pua ndefu iliyochongoka mbele, inayokimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Vituo anavitaja kwa mpangilio kama anasoma dua: Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro... Ukiruka kimoja anakurudisha nyuma uanze upya.

Wapambaji wengi mjini wana orodha ile ile: mabinti wa kifalme, mashujaa wanaoruka, wanyama wa porini, nguva. Nikawauliza kama treni ipo. "Ipo mama, tuachie sisi." Nikawatumia WhatsApp picha ya mchongoko, picha mbili nzuri kabisa za ubavuni na za mbele, wakanijibu kwa kidole gumba. Nikalipa nusu.

Siku ya siku tulikubaliana wafike saa 4 asubuhi. Walifika saa 7 kasoro, wakiwa na jasho na visingizio vya foleni. Bango likafunguliwa. Ilikuwa treni ya katuni za kizungu, ya makaa, ina bomba juu linatoa moshi mzito, inapita katikati ya milima yenye theluji na misonobari. Tuko Kigamboni, Julai, minazi inaonekana ukutani kwa jirani.

Mpambaji akaniambia kwa sauti ya kunituliza, "Mama mtoto, watoto hawajui tofauti." Mwenye sherehe alikuwa amesimama nyuma yake. Akaliangalia bango kuanzia juu mpaka chini, akauliza, "Mbona inatoa moshi? Nyaya zake ziko wapi?" Hakulia. Aliuliza tu kama fundi aliyeitwa kukagua kazi ya fundi mwenzake, na pale ndipo nilipojua kwamba lile bango kwake halina kazi tena.

Aliyetuokoa ni mjomba wake. Alichukua kamba ya manila, akaifunga kwenye mwembe, akaivusha juu ya meza ya keki hadi kwenye nondo za dirisha, akarudisha ya pili sambamba na ya kwanza. Nyaya hizo. Kamba ya elfu mbili! Mtoto akaanza kuwaonya wenzake kila walipoingia getini: msiguse pale juu, kuna umeme. Wageni wakubwa walipiga picha mbele ya milima ya theluji, watoto wakawa wanatazama juu kwenye kamba.

Tao la maputo lilikuwa zuri, sitawanyima haki yao. Rangi zilipangika, hewa ilijaa sawasawa, na halikuanguka hata upepo ulipoanza. Ila wapambaji wetu wana tabia ya kupasua yaliyozidi na kuviacha vipande chini. Kwenye sherehe ya watoto daima kuna mdogo wa mtu anayetambaa, na kipande cha puto kikiingia kooni hujibana na kuziba njia ya hewa. Huko Marekani pakiti za maputo huandikwa onyo kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka 8. Nilimweka dada wa kazi na ufagio, kazi yake ikawa hiyo tu kwa nusu saa nzima, wakati pilau linamsubiri jikoni. Kazi hiyo ilipaswa kuwa ya waliolipwa 420,000.

Sasa jumba la kurukia. Hapa naomba mnisome taratibu.

Julai ni msimu wa kusi, na huku kwetu upepo wa bahari mchana haupigi hodi. Vijana walilitandaza jumba uani, wakaunganisha feni, likainuka. Uwanja wetu umewekwa pevingi, vigingi haviingii. Wakafunga kamba mbili kwenye geti, moja kwenye mnara wa simtanki, na ya nne, ninaapa, kwenye jenereta. Nikawaambia hakuna mtoto anayepanda hapo. Wakacheka kidogo, kwamba mama una wasiwasi, hili ni zito.

Si zito. Likijaa hewa ni tanga. Desemba 2021 huko Tasmania, Australia, upepo ulilinyanyua jumba la namna hii kwenye shughuli ya shule, na watoto 6 wakafariki. Kiwango cha Ulaya cha vifaa hivi, EN 14960, kinataka nanga zisizopungua 6, na kinakataza kulitumia upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Huna haja ya kipimo. Upepo wa namna hiyo ndio ule unaoanza kuyumbisha miti midogo yenye majani. Ukiona mpapai wa jirani unacheza, shusha watoto.

Tukalihamishia nyuma ya nyumba ambako ukuta unakinga kusi. Jirani anajenga, akaturuhusu mchanga, tukajaza viroba na kuvirundika kila kwenye pete ya kufungia, na pete zilikuwa 6 ingawa wao walikuja na kamba 4. Saa nzima ikaenda. Hilo la viroba wangekuja nalo wenyewe, kwa sababu nusu ya nyumba za Dar siku hizi zina pevingi.

Halafu saa 11 jioni umeme ukakatika. Feni ikazima, jumba likaanza kulegea likiwa na watoto ndani. Halianguki kwa kishindo, linakunjamana polepole na kuta zinainamia ndani, na mtoto wa miaka 4 anadhani ni sehemu ya mchezo. Kijana aliyewekwa kulilinda alikuwa kwenye foleni ya pilau. Aliyewatoa watoto mmoja mmoja kwa mkono ni mchezeshaji, aliyekuwa akipita tu. Jenereta iliyoandikwa kwenye pakeji kuwa "ipo" ilikuwepo kweli, ila tangi lake lilikuwa kavu. Mafuta, nikaambiwa, ni juu ya mteja.

Ndiyo tumefika kwenye gharama zisizoandikwa: mafuta 20,000, usafiri wa kuja Kigamboni 40,000, na hela ya daraja kwenda na kurudi ikadaiwa peke yake kana kwamba daraja si sehemu ya usafiri. Muda ukizidi saa 12 jioni kuna ya ziada, ingawa wao ndio waliochelewa asubuhi, hiyo niliikataa. Kabla ya kulipa chochote, waulizeni hawa watu maswali matatu kwa maandishi: usafiri nani, mafuta nani, na saa zinaanza kuhesabiwa lini.

Mchezeshaji ndiye sababu ya mimi kuandika haya yote. Kijana mtulivu, hana mbwembwe. Nilimpigia siku chache kabla nikamweleza habari za mchongoko, na kumbe yeye alisikiliza kuliko waliotumiwa picha. Alikuja na kofia ya mkaguzi, filimbi moja na kibendera cha kijani. Mimi nilichapisha tiketi steshenari kwenye karatasi ngumu, kila moja na jina la mtoto na namba ya behewa. Vituo tuliviandika kwenye vipande vya boksi na kuvitundika kuzunguka nyumba.

Treni iliondoka getini. Tiketi mkononi, mkono wa pili bega la mwenzio. Pugu wanakaguliwa. Soga wanapita kwa mguu mmoja. Ruvu alitandaza khanga mbili za buluu chini, huo ndio mto, atakayekanyaga maji anarudi Pugu. Ngerengere filimbi ikilia kila mtu anaganda. Morogoro kuna matunda: ndizi, papai na vipande vya tikiti. Akawarukisha vituo vya katikati, mwenye sherehe akapinga hadharani, ikabidi treni isimame Kilosa dakika moja kwa heshima yake. Mwisho wa reli Dodoma, na Dodoma ni zabibu, zilizokatwa kwa urefu vipande vinne vinne maana punje nzima humkaba mtoto mdogo.

Kulikuwa na mtoto mmoja, mgeni mtaani, aliyefika akiwa amejificha kwenye dera la mama yake na hataki kuliachia. Mchezeshaji hakumvuta. Alichuchumaa mbali kidogo, akamwambia treni haiwezi kuondoka bila mtu wa bendera, akakiweka kibendera chini katikati yao, akageuka kuendelea na kazi zake. Baada ya muda mfupi nikasikia watoto wanapiga kelele "tayari!" na yule mgeni ameinua bendera juu kwa mikono miwili. Treni ilikwenda Dodoma mara nyingi kiasi kwamba zabibu ziliisha ikabidi Dodoma wapewe bisi.

Fanya hesabu mwenyewe. Yeye 80,000. Mapambo 420,000, ambayo kwa nauli ya 31,000 ya daraja la kawaida iliyotangazwa 2024 ni watu 13 kwenda Dodoma kwa treni ya umeme na chenji inabaki. Maoni yangu ni kwamba mapambo haya huuzwa kwa ajili ya simu za watu wazima, na hakuna ubaya, hata mimi nilitaka picha. Lakini mtoto wa miaka 4 au 5 haangalii ukuta zaidi ya dakika mbili. Anataka apewe cheo, kazi na tiketi.

Muziki ulikuja kama nyongeza ya bure na ulikuwa na thamani hiyo hiyo. Spika kubwa, nyimbo za baa. Nikaomba ipunguzwe, ikapunguzwa kwa wimbo mmoja.

Keki, kwa upande wake, sina neno. Mwokaji wao alifuata picha: pua iliyochongoka, madirisha, hadi mstari wa ubavuni, na ndani ilikuwa laini, haina ule ukavu wa keki zilizofunikwa kwa udongo wa sukari. Tatizo likaja kwenye kukata. Mtoto aligoma kabisa kichwa cha treni kisikatwe. Tukaanza na mabehewa ya nyuma, tukalishana, wazee wakalishwa, na kichwa kikaingia kwenye friji kikiwa kizima kikakaa huko mpaka mama mkwe akasema kinachukua nafasi ya maziwa. Nilishakataza mapema habari za kumwagia mtoto maji. Vijana wa familia walinuna, watazoea.

Zawadi za kuondokea ziliwekwa kwenye mifuko ya karatasi, na ndani, pamoja na peremende na penseli, kila mtoto alikuta filimbi. Hilo ni wazo la wapambaji. Wazazi wenzangu bado wananisalimia kwa mkato.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Mbili ni za keki na tao, moja nzima ni ya mchezeshaji. Jumba la kurukia lingekuwa peke yake lisingepata hata nusu. Wakati wa kumalizia salio nilikata 50,000 ya bango lisilo letu, nikawaonyesha zile picha nilizotuma na kidole gumba chao chini yake. Hawakubisha. Wakinichapia bango lingine ningeomba wanitumie mchoro kwanza niuone kabla haujaenda kwa mchapaji, na pesa ya bango itoke baada ya hapo.

Mchezeshaji anapatikana hata bila pakeji yao, kwa bei ile ile, Jumamosi na Jumapili. Anayemtaka kwa Desemba amtafute sasa hivi, na amwambie mapema mtoto anapenda nini, kwa sababu anauliza maswali mengi na anataka majibu.