Uzoefu wangu: kruzi ya siku saba Ugiriki, na ile siku ya Santorini iliyoishia kwenye foleni

Nianze na mazuri isije ikaonekana nimekuja kulalamika tu. Meli yenyewe ni nzuri, chumba kisafi, bafe haiishi, wahudumu wana adabu mpaka unaona aibu, na Piraeus, bandari ya Athens, tulipanda bila usumbufu wowote, dakika 40 mizigo imeshachukuliwa tuko ndani tunakunywa juisi. Hapo nawapa tano kwa tano wala sibishani na mtu. Kisiwa cha Mykonos nacho kilienda poa maana meli yetu ilifunga gatini, unashuka ngazi unaenda zako. Kilichonileta hapa ni kisiwa cha Santorini, yaani ile siku yenyewe tuliyoilipia.

Tulikuwa wawili, mimi na dada yangu mkubwa. Hii safari ni ya dada zaidi kuliko yangu, ana picha ya Oia, ule mji wa Santorini, kwenye simu yake, zile kuba za bluu na nyumba nyeupe zimening'inia juu ya bahari, ameiweka kama miaka miwili sasa, ukimpigia ukamuuliza unafanya nini anakwambia naangalia Oia yangu. Goti lake la kulia lilishafanyiwa upasuaji kwahiyo tukasema meli ndo inatufaa, hakuna kuburuta mabegi wala kubadilisha hoteli. Agosti 2025 tukaenda.

Ratiba kwenye apu ya meli iliandikwa Santorini saa 1 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Masaa tisa. Mi usiku wake nikakaa na kalamu kabisa napanga, Oia masaa matatu, Fira ambao ndo mji mkuu wa kisiwa mawili, chakula saa moja na bado tunabaki na muda wa kupoteza. Nacheka sasa hivi nikikumbuka ile karatasi.

Asubuhi tukaamka mapema kuangalia meli inavyoingia na hapo siwezi kusema uongo, nilinyamaza kimya. Unaingia katikati ya volkano, ukuta wa mawe umekuzunguka mwekundu na mweusi, na juu kabisa kama theluji iliyosahaulika ndo Fira yenyewe. Dada akashika mkono wangu hasemi kitu. Halafu nikageuka upande wa pili nikaona meli nyingine. Na nyingine nyuma yake. Tulikuwa nne asubuhi ile, na zote kubwa.

Sasa hiki ndo kitu ambacho hakuna aliyetuambia wakati wa kubuku, na ningeomba ukisome vizuri kama unapanga kwenda. Santorini meli kubwa hazina gati. Zile ni kuta za volkano zimeshuka moja kwa moja mpaka chini ya maji, kina chake sehemu nyingine kinakaribia mita 400, nanga ya kawaida unaitupa wapi? Meli nyingi zinakaa tu pale katikati zinajishikilia kwa injini zake, na abiria wote mnashushwa kwa boti ndogo za watu wa kisiwani, mnapelekwa bandari ya zamani chini ya Fira. Ukifika chini hujafika. Mji uko juu, zaidi ya mita 200 kwenda juu, na njia ni tatu tu: gari la waya (vile vibehewa vinavyovutwa juu kwa kebo), punda, au miguu yako kwenye ngazi karibu 600.

Boti kwanza. Tuliambiwa tukachukue stika ukumbi wa maonyesho, tukapewa namba 24. Saa 2 asubuhi wanaita namba 6. Tumekaa kwenye viti vya sinema tumevaa kofia na mafuta ya jua usoni kama watoto wanaosubiri basi la shule, na kila baada ya muda sauti inasema asanteni kwa uvumilivu wenu. Waliokuwa wamenunua ziara ya meli wanapita mbele yetu, hao wana utaratibu wao, boti inawapeleka Athinios ile bandari ya feri ambako kuna barabara na mabasi yanawasubiri, wanapandishwa hadi Oia wamekaa. Sisi tulijifanya wajanja wa kubana matumizi. Stika yetu iliitwa saa 4 kasoro.

Kupanda boti nako ni shughuli, hapa naomba mwenye mzazi mtu mzima au mtu mwenye shida ya miguu asome mara mbili. Siku ile kulikuwa na upepo, ule wa kiangazi wa kaskazini wenyewe wanauita meltemi, sio mkali sana lakini maji hayatulii. Mlango wa meli uko pale pale, boti inapanda inashuka, inapanda inashuka, kuna wakati iko usawa wa goti lako na sekunde mbili baadaye iko chini ya miguu. Wapo mabaharia wawili, mmoja kila upande, wanakushika mkono juu ya kiwiko wala sio kiganja, halafu wanasubiri. Wanasubiri mpaka boti inaanza kupanda ndo anasema sasa, unavuka. Dada alipofika pale akarudi nyuma hatua moja. Yule baharia hakumharakisha, akamwambia taratibu mama, usiangalie maji niangalie mimi, wimbi la kwanza likapita, la pili likapita, la tatu akavuka. Kijana yule ningemjua jina ningemwandika kwenye fomu yao ya maoni kabla ya mtu yeyote. Kampuni jifunzeni kwake.

Basi tumefika chini, na pale ndo nikaona foleni ya gari la waya. Imetoka mlangoni, imezunguka maduka, imerudi ikajikunja tena kando ya maji. Kivuli ni cha kugombania. Mi kwa kukosa cha kufanya nikaanza kuhesabu. Vibehewa ni sita vimeshikana, kila kimoja watu sita, kwahiyo kila safari inabeba watu 36. Safari yenyewe fupi, kama dakika tatu hivi. Lakini meli yetu peke yake ilikuwa na abiria kama 3,000, toa hata nusu waliopitia Athinios au waliobaki kuogelea, bado 1,500, gawa kwa 36 ni safari zaidi ya 40, na hizo ni za meli moja tu jamani, na hapo tuko nne. Hii hesabu mtu wa darasa la tano anaiweza, sasa ofisi iliyotuuzia masaa tisa ilishindwa nini?

Kuna watu walichoka wakaenda kwa punda. Tulikwenda kuangalia, dada ndo aliyekataa. Kuna sheria ya Ugiriki toka 2018 kwamba mnyama asibebeshwe zaidi ya kilo 100 au sehemu moja ya tano ya uzito wake, dada akaangalia vile vipunda akasema mdogo wangu mimi na huu mkoba tukipanda hapa tunakamatwa. Alitania lakini nilimwona anavyomtazama mmoja aliyekuwa amesimama juani kainamisha kichwa. Na wanaopanda kwa miguu wanapita njia hiyo hiyo ya punda, mawe yamelainika kwa miaka mingi, kinyesi juu yake, harufu inakufuata. Kwa goti lile hiyo haikuwa njia hata ya kuijadili.

Tulifika juu saa 5 na robo. Ndio, toka saa 1 asubuhi.

Fira ni nzuri sitadanganya, ila ile barabara ya ukingoni ni nyembamba, na watu wote wanataka kusimama sehemu moja kupiga selfi moja. Tukauliza basi la Oia. Ni kama nusu saa kwenda ukilipata, kurudi nusu saa, na boti ya mwisho ni saa 9 alasiri. Halafu tumeshaona foleni ya kushuka inavyoanza kujijenga kwenye kona. Nikamtazama dada, dada akasema basi acha, tukae hapa hapa. Alisema kwa upole kabisa na mi ndo nikaumia zaidi, bora angegomba.

Tukaingia kwenye kaduka kamoja kukimbia jua. Mama mwenye duka alikuwa anafungasha sahani za udongo kwenye magazeti, akatuangalia stika zetu kifuani akacheka, akasema nyie ni wa meli ipi kati ya nne? Ukutani nyuma yake kuna karatasi ya mwezi mzima, kila tarehe imeandikwa meli zinazokuja na idadi ya watu, siku nyingine amezungushia kalamu nyekundu. Nikamuuliza nyekundu ni nini. Akasema hizo siku siendi sokoni wala siendi benki, nikiwa na shughuli naimaliza kabla meli hazijashusha. Kisiwa kizima kina wakazi kama 15,000, na sasa wameweka ukomo watu wa meli wasizidi 8,000 kwa siku, 8,000 ndo imepunguzwa hiyo! Nikamwambia lakini si biashara? Akatingisha kichwa, akasema watu wa meli wananunua maji na sumaku za friji, chakula wanacho bure kwenye meli, saa ya kula wanarudi. Nikaangalia mkononi nimeshika nini. Chupa ya maji na sumaku.

Tulinunua sahani mbili. Kwa aibu, sawa, lakini ni sahani nzuri. Alituhadithia pia kuhusu Februari ya mwaka huo, ile ya matetemeko mfululizo wakati maelfu ya watu waliondoka kisiwani, yeye alikaa Athens wiki tatu kwa mwanae, anasema aliporudi mji ulikuwa kimya mpaka akasikia paka anatembea. Hakusema kama alipenda au hakupenda.

Saa 8 kasoro robo tukaenda foleni ya kushuka. Nilijiona nimewahi sana. Tulisimama zaidi ya saa moja, na hapa kuna kitu cha kuchekesha, wale waliolipia ziara ya meli ambao asubuhi walitupita, foleni ya kushuka wako nasi, maana basi linawaacha Fira na wanashuka kwa gari la waya kama sisi. Jirani yetu wa mezani alikuwepo, mwekundu kama nyanya, akasema Oia alikaa dakika 50 kwenye kundi la watu 40 na kibendera. Kwahiyo usije ukafikiri kulipa zaidi ni dawa kamili. Asubuhi unaokoa muda mwingi, mchana mnakutana hapo hapo.

Tukarudi melini saa 9 na dakika 20, wakati huo mimi goti langu zima nalo linauma. Hesabu ya mwisho: masaa tisa ya kwenye apu, juu ya mlima tulikaa masaa mawili na nusu.

Jioni mapokezi kulikuwa na zogo kuhusu ile tozo mpya ya Ugiriki, euro 20 kila abiria anayeshuka Santorini au Mykonos kuanzia Juni mpaka Septemba, ilianza mwaka huo huo wa 2025. Aprili, Mei na Oktoba ni euro 12, baridi euro 4. Watu wanagombana na binti wa kaunta kana kwamba yeye ndo serikali. Mi binafsi sina shida na hiyo hela, ukiona ile karatasi ya mama wa sahani huwezi kusema kisiwa kinakuonea. Ningependa tu kidogo yake inunue turubai la kivuli pale chini kwenye foleni.

Ushauri kwa anayebuku. Usianze na bwawa la kuogelea wala idadi ya migahawa. Uliza vitu viwili, bandari hii meli inafunga gatini au tunashushwa kwa boti, na siku hiyo meli ziko ngapi. Ratiba za bandari ziko wazi kwenye intaneti, unaingiza tarehe unaona. Na kama Oia ndo ndoto yako kama ilivyokuwa kwa dada, achana na kruzi kabisa kwa hicho kisiwa, panda feri toka Piraeus ulale hata usiku mmoja, meli zikiondoka jioni mji unabaki wenu.

Meli ilipokuwa inatoka ilipita upande wa kaskazini, karibu kabisa na Oia. Dada alikuwa balkoni amejifunga shuka la kitanda kwa upepo, akavuta zoom ya simu mpaka mwisho akapiga. Picha imetoka na ukungu, unaona weupe tu kama sukari iliyomwagika. Ile ya zamani akaitoa akaiweka hiyo.

Nawapa nyota tano za meli, nyota mbili za siku ya Santorini, na nyota moja ya hizo mbili ni ya yule baharia wa mlangoni.

Nyongeza: niliwaandikia barua pepe kuhusu yale masaa tisa. Wamejibu baada ya wiki tatu, pole nyingi na punguzo la asilimia 15 kwa safari ya mwakani Julai, nikafungua ratiba, siku ya nne Santorini. Nikarudisha swali moja tu, siku hiyo meli zitakuwa ngapi? Mpaka leo hawajajibu.