Injini ya Hiace ndani ya Hilux yangu, miezi saba baada ya kunoki Kitonga

Gari langu ni Hilux pikapu ya mwaka 1996, fowili, injini ya dizeli aina ya 3L (hilo ni jina la injini ya Toyota, si lita tatu). Miaka tisa limenibebea vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa mjini, na ada za watoto wangu wawili zimetoka kwenye bodi lake. Liliponoki katikati ya Mlima Kitonga na gunia kumi na moja juu, nilikaa pembeni ya barabara nikalia.

Mshale wa joto ulianza kupanda tangu kona za chini. Mdogo wangu aliyekuwa anaendesha akasema tukifika juu tutalipumzisha. Hatukufika. Nguvu ilikata, kisha ukaja mlio wa ko-ko-ko kutoka chini ya injini, na aliyewahi kumiliki dizeli ya zamani anaujua mlio huo. Fundi wangu wa Ipogolo alipoishusha injini na kuifungua alinionyesha kimoja kimoja: hedi ina ufa katikati ya valvu, metali za konrodi zimekwisha, kranki imechubuka. Injini ikichemsha sana oili inakuwa nyepesi mno, chuma kinaanza kusaga chuma.

Tulipiga hesabu ya oveholi. Kuchonga kranki, metali, pistoni na ringi, hedi nyingine, pamoja na kazi ya mashine, ilivuka milioni sita, na bado bloku lenyewe lilikuwa na mikwaruzo. Fundi akanishauri nitafute injini ya mtumba kutoka Japani. Nilitamani injini ya 5L, maana ina cc 2,986 dhidi ya 2,779 za 3L na inaingia kwenye gia boksi ileile. Lakini 5L nilizoonyeshwa zilikuwa ghali, na gari langu limezoea 3L. Nikabaki na 3L.

Nilisafiri na fundi hadi Ilala, Dar es Salaam. Nauli yake na malazi yake nililipa mimi, na hiyo ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote. Duka la kwanza walikuwa na injini imeoshwa inang'aa, imepigwa na rangi ya fedha. Fundi akaomba afungue kifuniko cha oili, wakakubali kwa shingo upande. Ndani kulikuwa na utando mweupe kama uji, dalili ya maji kuchanganyika na oili. Akaomba kupima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda, wakamjibu, “Hapa injini haijaribiwi, ukinunua umenunua.” Tukaondoka.

Duka la tatu injini zilikuwa chafu, zina vumbi na oili kavu, na fundi akafurahi. Aliniambia uchafu wa asili unaonyesha pale panapovuja na pale pasipovuja, rangi inaficha vyote. Muuzaji alileta betri na stata bila kununa. Fundi alitoa plagi za kupashia moto, akafunga geji, silinda zote nne zikasoma kati ya baa 27 na 29, yaani zina nguvu na zinalingana. Akazungusha kranki kwa spana na mkono, akisikiliza. Akatazama mlango wa moshi kama una oili mbichi. Saa nzima iliishia hapo, na mwenye duka alimwacha afanye kazi yake. Injini ilikuwa imetoka kwenye Hiace, ikiwa na pampu yake ya dizeli na stata. Nililipa shilingi 3,700,000, nikadai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) iliyoandikwa namba ya injini. Hiyo namba iangalieni wenyewe kwenye bloku, msikubali kusomewa. Kadi ya gari ina namba ya injini ya zamani, na bila risiti huwezi kueleza hiyo mpya umeitoa wapi utakapokwenda TRA, mamlaka ya mapato, kurekebisha.

Sasa, wengi husema 3L ni 3L, unashusha hii unapandisha ile. Si kweli kabisa. Sampo ya Hiace, yaani karai la oili chini ya injini, haikai kwenye Hilux ya fowili, kwa sababu huku kuna difu ya mbele. Tulitoa sampo na chujio lake la kunyonyea oili kwenye injini yangu iliyokufa, tukavihamishia kwenye hii, pamoja na kijiti cha kupimia oili na vishikio vya maunti. Kama fundi asingenizuia, ningeuza injini ya zamani kwa wanunuzi wa chuma chakavu siku ileile iliposhushwa. Usiuze hata boliti moja mpaka gari lako litembee.

Kabla ya kupandisha alibadilisha taimingi belti, wota pampu na sili ya nyuma ya kranki, pia klachi kwa kuwa yangu ilikuwa imebaki nyembamba. Nilinung'unika kwa sababu fedha zilikuwa zinaisha. Lakini sili ile ni ya bei ndogo, na ikivuja baadaye lazima gia boksi ishushwe tena.

Tulipogombana kweli ni kwenye rejeta. Nilitaka irudishwe ilivyo, kwa kuwa haikuwa inavuja. Fundi akaweka spana chini. “Dada, hii ndiyo iliyoua injini yako. Siwezi kuifungia injini nyingine.” Akaipeleka kwa fundi rejeta, wakang'oa tangi la juu, nikaenda kuangalia mwenyewe. Mirija zaidi ya nusu ilikuwa imeziba kwa kutu na chokaa. Ni maji ya mtoni na ya kisimani tuliyokuwa tunajaza kila tulipopita. Halafu tukagundua temostati, valvu inayodhibiti maji ya kupoza injini, haikuwepo, kuna mtu aliitoa miaka ya nyuma akidhani analisaidia gari. Rejeta ilizibuliwa na kuchomelewa, temostati mpya ikawekwa, mipira yote ikabadilishwa. Shilingi 280,000. Nikikumbuka kwamba nilitaka kuzikwepa ndizo hizo, mwili unanisisimka. Kuanzia siku hiyo tunaweka kulanti tu, kimiminika maalumu cha rejeta.

Jumla yote, pamoja na lori la kuleta injini kutoka Dar na ufundi, ilifika shilingi 5,150,000. Gari lilikaa gereji siku kumi na nne.

Sasa ni miezi saba na kilomita kama 14,000. Asubuhi za baridi za Iringa linatoa moshi mweupe dakika moja hivi kisha linatulia. Gasketi ya tapeti kava ilianza kulowa oili mwezi wa pili, tukaibadilisha. Oili haipungui kati ya sevisi na sevisi. Kitonga tunapanda na gunia kumi, si kumi na moja, na mdogo wangu anajua mshale ukivuka nusu anasimama hapohapo, hata kama nyuma kuna foleni ya malori.

Kwa muuzaji yule ningerudi. Ila garantii yake ilikuwa wiki mbili tangu siku ya kununua, na injini iliwashwa kwa mara ya kwanza siku ya kumi na moja, baada ya safari ya lori na kazi za gereji. Nilibaki na siku tatu tu za kuijaribu nikiwa umbali wa kilomita takribani 500 kutoka dukani kwake. Siku ile Ilala nilipambana kupunguziwa laki moja. Ningepambania garantii ianze kuhesabiwa siku injini inapowaka.