Foili ya dhahabu kwenye kadi za sendofu: uzoefu wangu

Ukiwa na printa ya leza na mashine ya laminesheni, foili ya kubandika kwa joto ni pesa iliyotumika vizuri. Mimi nimeitumia kwenye kadi za sendofu ya binti wa kaka yangu hapa Dar es Salaam, baada ya kamati kuletewa bei ya kadi za dhahabu za kiwandani na mwekahazina kukataa hata kuijadili. Roli nilinunua Kariakoo. Ukienda, taja kabisa kwamba unataka ile inayoshika tona. Ya kufungia zawadi inang'aa vilevile lakini hapa haina kazi.

Tona ni unga wenye plastiki unaoyeyushwa kwa joto hadi ushike karatasi. Unaweka foili juu ya maandishi, upande wenye rangi ukiwa juu, unaifunika kwa karatasi iliyokunjwa na kuipitisha kwenye laminesheni iliyokwisha pata moto. Tona inalainika tena na kuinasa ile rangi. Palipo wazi hapashiki kitu. Kwa hiyo printa ya wino haifai kabisa. Asiye na ya leza akatoe nakala kwenye fotokopi ya steshenari, nayo inatumia tona, kisha foili abandike nyumbani. Subiri kadi ipoe ndipo ubandue. Mashine yangu ni ndogo, ya A4, na kadi nyingi ilibidi nizipitishe mara mbili.

Karatasi ndiyo iliyonisumbua. Conqueror yenye mistari, ambayo wanakamati wengi wanaiona ndiyo ya heshima, inaacha herufi zikiwa na mapengo kwa sababu foili haifiki kwenye vibonde vyake. Manila nyeupe yenye uso laini ilitoa kazi safi zaidi, na ni ya bei nafuu. Maandishi nayo yawe meusi tii: kijivu printa hukichapa kwa vidoto, na dhahabu inatoka kama vumbi. Tena tona ya rangi inanasa foili sawa na nyeusi, hivyo kama kadi ina maua pembeni, kata kipande cha foili kinachotosha jina tu. Na ukishabandika, kadi isirudi tena kwenye printa, joto la mle ndani litaiharibu.

Kadi yote ikiwa dhahabu inachosha macho. Mimi niliitumia kwa jina la binti na la mgeni, basi. Kadi zetu tumezoea zije na mstari wa nukta, mtu anajaza "Bw. na Bi. fulani" kwa kalamu ya bluu. Safari hii orodha niliiweka kwenye Excel, Word ikavuta majina, kila kadi ikachapwa na la kwake. Hilo ndilo watu walilolipigia simu, wala si muundo wa kadi niliouhangaikia. Tatizo ni kwamba orodha ya kamati haifungwi kamwe. Waliomalizia mchango dakika za mwisho walipata kadi za nukta, tukawaandikia kwa kalamu ya dhahabu. Maneno "Single" na "Double" niliyaacha meusi, maana mlangoni mwanga ni hafifu na dhahabu inamulika macho ya anayekagua.

Panchi ya kuviringisha kona ni rahisi na inaipa kadi sura ya dukani, ingawa inakata moja moja na kiganja kinauma. Utepe wa satini niliuacha: unachelewesha kazi na bahasha zinavimba.

Nimebakiwa na foili ya kutosha shughuli nyingine. Roli iliyofunguliwa nairudisha kwenye bomba lake la karatasi, maana ikishakunjamana, kila mkunjo unatokea kwenye kadi.