Kipima pombe cha mfukoni cha Luthuli: nyota nne, na hasira yangu yote kwa mahakama zetu

Hiki kidude nilikitoa Luthuli Avenue, Nairobi, kwa wale wa redio za gari na vifaa vya simu, nikalipa elfu nne na mia tano baada ya kuvutana bei maana jamaa alianzia elfu sita na nusu. Ni kipima pombe cha mkononi, ukubwa kama rimoti ndogo ya TV, kinatumia betri mbili zile nyembamba, na kwa boksi kinakuja na mirija mitano ya kupulizia. Nilimnunulia mzee wangu, mume wangu, na wenzake wa Jumamosi. Hawa watu wakishakula nyama Kasarani kila mmoja anajiona yuko sawa, na ukiuliza umekunywa ngapi jibu huwa ni "mbili tu", miaka nenda miaka rudi ni mbili tu.

Kutumia ni rahisi. Unabonyeza, kinahesabu kikipasha sensa joto, kikilia unapuliza bila kukata pumzi mpaka kilie tena, halafu namba inatokea. Ukipuliza kidogo kidogo kama mtu anayepoza chai kinakataa na unaanza upya. Namba inakuja kwa asilimia ya pombe kwenye damu, sasa hapa Kenya usome hivi: kanuni zetu zinasema mikrogramu 35 kwa kila mililita 100 za pumzi, na hiyo kwenye skrini ya hiki kifaa ni 0.08. Ukiona 0.08 kwenda juu wewe ni mtu wa kulala seli. Kitu ambacho muuzaji hakuniambia na hata kikaratasi cha ndani kimekiandika kwa maandishi madogo sana ni kwamba usipulize ukiwa umetoka tu kumeza, subiri kama dakika 15 au 20, la sivyo kinapima pombe iliyobaki mdomoni na namba inaruka vibaya.

Sensa ndio udhaifu wake. Hivi vya bei nafuu vina sensa ya semikonda, ambayo moshi wa sigara na harufu zingine zinaweza kuichanganya, na usahihi unapungua polepole hadi uirekebishe upya. Vya polisi vina sensa ya kikemia inayoigeuza pombe kuwa umeme kidogo, ndio maana vinaaminika zaidi na ndio maana bei yake ni nyingine kabisa. Kwa hivyo hiki changu nakichukulia kama onyo. Kikisema 0.06 usianze kujitetea ati bado uko chini, toa ufunguo.

Kilichonifanya nikiamini ni asubuhi baada ya ruracio, sherehe ya mahari, ya binamu ya mzee wangu. Walikunywa mpaka saa nane usiku, akalala, akaamka saa kumi na mbili akaoga, akanywa chai ya tangawizi, anatafuta ufunguo atupeleke kwa shosho na watoto. Nikamwambia puliza kwanza. Ikaja 0.09. "Mama Njeri, hii kitu yako imeharibika." Nikapuliza mimi, 0.00. Akapuliza tena, ile ile. Alikaa chini akanyamaza na gari nikaendesha mimi. Watu wengi hawajui hii hesabu, bia moja ya nusu lita mwili unahitaji kama masaa mawili kuimaliza, na hakuna kahawa wala maji baridi wala supu ya kichwa inayoharakisha, ni masaa peke yake. Sasa piga hesabu ya mtu aliyekunywa saba akaamka kwenda kazini.

Kwa mtu anayetaka kujua ukweli wake basi hiki kifaa kinatosha. Lakini kuna wale hawataki kujua, na hao ndio wametuua.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa anawapeleka watoto wangu shule aligongwa na jirani wa hapa mtaani kwetu, mtu ambaye kila mtu anajua si mara yake ya kwanza, alishawahi kushikwa kwa Alcoblow, kile kipima pombe cha polisi barabarani, akalipa, akashikwa tena akalipa tena, na kila Ijumaa gari yake ile ile ikiingia geti tunaita watoto ndani. Kijana akavunjika mguu sehemu mbili. Nilimsindikiza mama yake kotini. Kesi ilichukua muda mfupi kuliko foleni ya kuingia. Jamaa akakiri, hakimu akauliza kama ana rekodi ya awali, prosekyuta akasema hana rekodi mbele yake, achukuliwe kama mkosaji wa mara ya kwanza. Mkosaji wa mara ya kwanza! Halafu ikafuata ile "Mheshimiwa naomba msamaha, mimi ndiye natafutia familia", faini elfu thelathini, ikalipwa kwa simu kabla sisi hatujafika hata kwa geti, leseni hajanyang'anywa, na jioni gari iko barabarani. Mama wa kijana aliniuliza "kwani imeisha?" nikakosa la kumwambia. Bili ya ile hospitali peke yake ilikuwa mara kadhaa ya hiyo faini.

Na si ati sheria haina meno. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinaruhusu faini mpaka laki moja au jela mpaka miaka miwili au vyote viwili, na leseni inaweza kwenda miezi kumi na mbili. Lakini faini na jela ni "isiyozidi", isiyozidi hii isiyozidi ile, kiwango cha chini hakuna, sasa hakimu akiamua elfu thelathini hajavunja chochote. Na hii ya rekodi ndio inaniuma zaidi. Mtu anashikwa usiku, asubuhi yuko kizimbani, nani amepata muda wa kutafuta kama mwaka jana alishtakiwa koti ingine? Kwa hivyo kila akija ni mgeni. Mimi simtukani hakimu, anaamua kwa kile kimewekwa mezani, lakini nchi ambayo inaweza kujua umechelewa kulipa mkopo wa simu wa mia tano haiwezi kushindwa kujua umeshikwa umelewa kwa usukani mara tatu.

Tumerudi nyuma pia. Alcoblow ilianza mwisho wa 2013, walevi wakaogopa kweli, mpaka watu wakaanza kuacha gari kwa baa wapande teksi. Halafu 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema zile kanuni zinagongana na Sheria ya Trafiki, maana sheria yenyewe inataka ionekane mtu alishindwa kuimudu gari, si namba ya mashine tu. Mpaka Desemba 2023 ndio NTSA, ile mamlaka ya usalama barabarani, na polisi wakarudi na hizo mashine barabarani kwa kishindo. Na 2024 bado tulizika zaidi ya watu 4,700 wa ajali. Si wote ni wa pombe, najua, lakini vifo vya pombe vilikuwa vinaweza kuzuilika kabisa.

Kuna kitu nakitaka na kinahusiana moja kwa moja na hiki kidude. Kule New Zealand tangu 2018 ukirudia hili kosa koti inakuamuru uwekewe kipima pombe kwenye gari yenyewe, kimeunganishwa na switchi, usipopuliza au ukipuliza na kuna pombe gari haiwaki. Marekani pia majimbo yote yana sheria ya namna hiyo, na ukiwa njiani kinaweza kukudai upulize tena ndio usije ukampulizisha mtu mwingine pale mwanzo. Kinaweka rekodi ya kila jaribio. Gharama ni yako mkosaji. Teknolojia yenyewe si ya miujiza, ni ndugu ya hiki changu cha Luthuli. Yule jirani yetu angewekewa hicho mara ya pili aliposhikwa, kijana angekuwa anaendesha bodaboda yake leo, angekuwa anatembea bila magongo. Hilo ndilo bunge lingetuandikia, pamoja na kiwango cha chini cha adhabu kwa anayerudia na rekodi moja inayosomeka koti zote.

Turudi kwa kifaa. Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya sensa, na kwa sababu yule muuzaji hana mtu wa kukirekebisha, ananiambia ikianza kudanganya ninunue ingine. Kama una pesa kidogo zaidi ulizia chenye sensa kama ya polisi na uhakikishe kuna mahali kinapelekwa kurekebishwa kila baada ya miezi sita hivi au mwaka. Kabla hujalipa puliza pale pale dukani uone 0.00, na muuzaji apulize pia. Itisha mirija ya ziada, usikubali watu watumie mmoja. Na betri zake za kuja nazo ni mbovu, nunua zako ukiwa hapo hapo.