Gitaa la Kireno: zuri, ila halina huruma

Mimi ni mpiga solo wa muziki wa dansi, naishi Lisbon. Hili gitaa la Kireno, guitarra portuguesa, nililiagiza kwa fundi kwa sababu nilichoka kulisikiliza tu kwenye kumbi za fado, zile nyimbo za majonzi za Kireno. Niseme mapema: anayezoea gitaa la kawaida ajiandae kuanza upya.

Lina nyuzi 12 za chuma, jozi 6. Jozi tatu nyembamba kila moja inalia sauti moja. Kwenye tatu nene, uzi mmoja uko oktavu moja juu ya mwenzake, yaani noti ileile ila nyembamba zaidi. Hapo ndipo unatoka ule mlio wa kumetameta. Lakini sauti zimepangwa tofauti kabisa na gitaa letu, na mikao yote ya vidole niliyoijua haikunifaa.

Kabla hujalipa, amua: la mtindo wa Lisbon au wa Coimbra, mji mwingine wa Ureno? La Lisbon lina konokono wa kuchonga kichwani. La Coimbra kichwani lina umbo la tone la chozi, shingo yake ni ndefu kidogo, na hukazwa chini ya la Lisbon kwa sauti moja nzima. Carlos Paredes, mpigaji maarufu wa gitaa hili, alipiga la Coimbra, kama baba yake Artur, na akalitoa nyuma ya waimbaji likasimama peke yake. Huku akiwa karani wa hospitali, jamani! Mimi nilitaka kusindikiza waimbaji, nikachukua la Lisbon.

Funguo za kukazia nyuzi zimetandazwa kichwani kama upepeo, kila moja na skurubu yake. Zikishakaa, hazilegei ovyo. Kubadilisha uzi sasa, hiyo ni adhabu: lazima uusokote kitanzi ndipo unase kwenye ndoano.

Unapiga kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, umevaa kucha za bandia zilizofungwa kwa plasta. Nilizopewa zilikuwa pana mno, nikazisugua kwa msasa. Kile cha shahada hupiga kwenda na kurudi, na hapo ndipo bado natoka jasho. Ukimwangalia mpigaji Marta Pereira da Costa, mwanamke katika kazi iliyokuwa ya wanaume kwa miaka mingi, utadhani ni rahisi.

Useremala safi, mlio safi, kasha baya: bawaba imeshalegea. Nalipatia nyota nne kati ya tano. Kama unatafuta cha kupigia nyimbo sebuleni, chukua cavaquinho, gitaa dogo la Kireno, nyuzi nne tu, na linaingia kwenye begi la mgongoni.