Vali na manifoldi za mitungi pacha: ununue ipi kwa bahari ya Tanga

Asalaam alaykum, habari zenu watazamaji. Nipo Raskazone, na mezani hapa nimepanga manifoldi tatu za mitungi pacha, yaani upau wa bomba wenye vali unaounganisha mitungi miwili ya hewa ya kuzamia. Jibu nalitoa mapema: chukua yenye vali ya kati ya kutenganisha, yenye oringi (pete za mpira za kuzuia hewa isivuje) zinazozunguka bomba, na yenye midomo ya DIN ya bar 232, yaani midomo ya uzi ambako regulata, kifaa cha kupumulia, inafungwa; bar ni kipimo cha presha. Sasa kaeni tuzungumze, kwa sababu kila kipande cha jibu hilo kinagusa uhai wa mtu.

Kwanza nani anazihitaji. Ukizamia Maziwe kwenye matumbawe ya mita 15, mtungi mmoja unakutosha, na mgongo wako utashukuru. Mitungi pacha ni ya anayekwenda karibu na mita 40, ambako kila pumzi inakula hewa mara 5 ya inavyokula juu ya maji. Na vijana wanaoniambia wanataka vifaa hivi wakamtafute silakanti, yule samaki wa kale ambaye wavuvi wetu humnasa kwenye majarife, nawaomba sana: makazi yake yako chini kuliko pale hewa ya kawaida inapofaa kupumuliwa. Hifadhi yake imetangazwa tangu 2009, na ni fahari yetu, lakini manifoldi haikupi ruhusa ya kumfuata.

Haya, tazama hii ya kwanza. Upau mtupu, vali mbili, katikati hakuna kitu. Hewa ya mitungi yote miwili inachanganyika. Regulata ya kulia ikianza kumwaga hewa, unafunga vali ya kulia, unapumua kwa ya kushoto, na bado unaitumia hewa ya mitungi yote. Hilo ndilo jambo ambalo wengi hawalielewi: kwa regulata iliyoharibika huhitaji kugusa vali ya kati. Shida inakuja pale uvujaji unapokuwa kwenye upau wenyewe, au kwenye shingo ya mtungi. Kwa upau huu mtupu hewa yote inaondoka na wewe unatazama. Siununui, hata kwa bei ya kutupa.

Hizi mbili nyingine zina vali ya kati. Ukiifunga, nusu ya hewa yako inabaki upande mzima. Lakini vali hii ina hatari yake, na hapa naomba usiruke video. Iache wazi kabisa wakati wote, na iguse kila mara kabla ya kuingia majini. Ikifungwa bila wewe kujua, kompresa itajaza mtungi mmoja tu. Au utapumua mtungi wa kulia huku geji ya kupimia presha ya hewa imefungwa kushoto, na sindano haishuki. Ukiona umezama dakika kadhaa na geji imeganda pale pale, usifurahie kwamba unapumua kidogo. Peleka mkono nyuma uikague vali ya kati.

Sasa tofauti ya hizi mbili. Nasogeza kamera, angalia ncha za upau. Huu, oringi imekaa bapa kwenye uso, inabanwa kati ya nyuso mbili na nati. Mitungi ikisogea kidogo tu, mbano unalegea na viputo vinaanza. Huu mwingine, oringi zimevaa bomba kama pete, na bomba linaingia ndani ya mwili wa vali. Hata likizunguka au likivuta kidogo, hewa haitoki. Fikirieni boti zetu za faiba wakati wa kusi, mitungi inagongana na ubao njia nzima. Pacha za alumini zikijaa zinapita kilo 35, na mabaharia wataziinua kwa kushika upau hata uwakataze vipi. Kwa bahari hii mimi nataka oringi za pete, na sitaki mjadala.

Kinachonikosesha usingizi ni uzi wa shingo, ile mikato ya skrubu ambako vali inazungushwa kuingia kwenye mtungi. Mitungi inayofika pwani yetu ina asili tofauti. Ya Ulaya mara nyingi ina uzi wa M25x2, ya Marekani ina uzi wa robo tatu ya inchi, umeandikwa 3/4-14 NPSM. Kwa macho zinafanana. Vali ya M25 ni nyembamba kwa milimita moja hivi, kwa hiyo inaingia kwenye shingo ya robo tatu, inazunguka, halafu inakaza, na fundi anaona kazi imekwisha. Haijashika! Imeuma nyuzi chache tu. Mtungi ukipelekwa kwenye kompresa, presha ikipanda, vali inafyatuka kama risasi, na aliyesimama pale ni kijana wa kujaza, ambaye hana habari yoyote. Kwa hiyo soma maandishi kwenye bega la mtungi, soma na kwenye vali yenyewe. Yamefutika? Peleka kwa mwenye geji ya kupimia uzi. Usijaribu kwa mkono ukasema imekubali.

Midomo. DIN ya bar 232 ina nyuzi 5, ya bar 300 ina nyuzi 7 na shimo lake ni refu zaidi. Muuzaji atakuambia 300 ni imara zaidi. Mtungi wa alumini tulionao wengi, ule wa lita 11.1, unajazwa bar 207, basi hiyo 300 unaipeleka wapi? Tena regulata ya 232 haifiki mwisho kwenye vali ya 300. Mdomo wa 232, ule ulioundwa kupokea kipande cha ndani, unakubali hata regulata ya kibano, inayobana vali kwa nje badala ya kuingia kwa uzi, na za kukodi nyingi ni za kibano. Siku regulata yako imekufa, utaazima ya mwenzako.

Vishikio nataka vya mpira. Plastiki ngumu hupasuka ikigongwa. Vaa mitungi ukiwa nchi kavu, na suti yako, ufikishe mkono kwenye vali zote tatu, ufunge na kufungua bila msaada. Usipofika, rekebisha mikanda ya kuvalia mpaka ufike. Manifoldi ya bei mbaya ambayo mkono haufiki ni chuma tu mgongoni.

Kwa kampuni sitawaburuza sana. Thermo, Apeks, Halcyon, zote zinauza manifoldi zenye vali ya kati. Uliza swali moja dukani: oringi za akiba zinapatikana? Tena hakikisha kila vali ina kibomba kinachoingia ndani ya mtungi, ili maji na kutu visiingie kwenye regulata unapoinamisha kichwa.

La mwisho ni upana. Upau haununuliwi kwa kukisia. Mtungi wa alumini una kipenyo cha milimita 184, na upau wake kwa kawaida ni wa takriban milimita 215 kutoka katikati ya mtungi mmoja hadi katikati ya mwingine, sawa na wa mitungi ya milimita 203. Mitungi myembamba ya chuma, ya milimita 171, inataka upau mfupi zaidi. Upau na mikanda ya chuma cha pua inayoshika mitungi pamoja vilingane, vinginevyo unazilazimisha shingo kubeba mvutano. Mwenye mitungi ya 171 aniandikie hapo chini vipimo vya mikanda yake kabla hajatoa hela.